UZI: Kibeba spea kwenye motohomu. Usiridhike mpaka umelitoa tairi ukiwa na pancha

#1 Kabari

Wakuu habari zenu. Nimeamua kuanzisha huu uzi kwa sababu kila ukiuliza habari ya kibeba spea (chuma cha kushikia tairi la akiba) kwenye motohomu (gari lenye nyumba ya kulala ndani) unajibiwa "tafuta kinachoingia kwenye chesisi yako, funga, maliza". Mimi nimeshafunga viwili kwa mikono yangu, cha kwanza nilikifunga vizuri kabisa, bolti zimekaza, rangi ya kuzuia kutu nimepiga mara mbili, halafu siku nilipokihitaji hakikunisaidia chochote. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Gari yangu ni Fiat Ducato (Peugeot Boxer na Citroën Jumper ni ndugu zake, chini ni gari moja hiyo hiyo) na juu yake wamejenga nyumba. Ilikuja bila spea, ina chupa la dawa ya kuziba pancha na kapampu kadogo ka umeme. Motohomu nyingi siku hizi zinakuja hivyo, maana kiwanda kinapunguza uzito na ile sehemu ya chini ambayo zamani ilikaa spea wameshaweka matanki ya maji. Sasa ile dawa inafaa kwa kitobo cha msumari pale tairi linapokanyaga, tena uendeshe polepole mpaka kwa fundi. Tairi likichanika ubavuni dawa yote inamwagika chini unaiangalia. Na motohomu inachana ubavu kirahisi, ni nzito, mkia mrefu, ukikata kona fupi tairi la nyuma linakata kwa ndani linaparamia ukingo wa barabara.

Kwa hiyo nikatafuta rimu ya chuma na tairi, nikanunua kibeba cha kulaza tairi chini ya sakafu nyuma ya ekseli (mhimili unaobeba matairi), kile cha mabomba mawili na kitanda kinachoshuka upande mmoja kwa bawaba. Kazi ya siku moja. Nililala chini nikaangalia, tairi limekaa kama limezaliwa pale.

Pancha ilikuja miezi kadhaa baadaye, tairi la nyuma, ubavu umepasuka. Nikachukua wili spana, nikaingia chini, nikafungua kitanda kishuke. Kikashuka kidogo kikagonga ardhi! Sasa fikirini. Tairi la 225/75 R16 ubavu wake ni kama mm 169 (225 mara 0.75). Upepo ukiisha gari inakaa karibu juu ya rimu, yaani upande ule umeshuka sm 10 au zaidi, na kwa kuwa mkia uko mbali nyuma ya ekseli, bampa na sketi ya bodi (kile kipande cha chini pembeni) zinashuka zaidi ya hapo. Tairi likilazwa lina unene wa sm 23 hivi, ongeza bomba la kibeba. Mwanya uliobaki kati ya sketi na ardhi ulikuwa chini ya huo unene. Tairi liko pale, nalishika kwa mkono, na halitoki. Na nilivyotaka kupiga jeki nikakuta sehemu ya jeki ninayoijua imezibwa na bomba la kibeba nilichofunga mwenyewe.

Nilitoka kwa msaada wa jirani wa kambini aliyekuja na vile vipande vya plastiki vya kusawazishia gari, vya kupanda kama ngazi. Tukaweka mbele ya lile tairi bovu, nikapanda taratibu sana kama mita moja hivi, mkia ukanyanyuka, spea ikatoka. Tangu siku hiyo vile vipande havishuki kwenye gari yangu.

Kwa hiyo nataka kila anayefunga kibeba chochote, cha chini, cha mgongoni, cha mlangoni, afanye hivi kabla hajakubali kazi imeisha: gari iwe na mzigo wote wa safari, maji kwenye tanki, simamisha mahali tambarare na pagumu, toa upepo kwenye tairi la nyuma upande ule ambao spea inatokea, afu chukua vifaa vile vile unavyotembea navyo na ubadilishe. Usiazime jeki ya gereji wala usimwite kijana akusaidie. Ukifanikiwa kibeba chako ni kizima. Ukishindwa umejua ukiwa nyumbani.

Sasa habari ya uzito, hapa watu wengi wanapita haraka. Rimu ya chuma ya inchi 16 na tairi lake ni kilo 30 na kitu, weka 35, kibeba chenyewe weka 10. Kilo 45. Unasema kilo 45 ni mtoto mmoja tu. Lakini umeiweka wapi? Chukulia umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mm 3,800 na spea imekaa mm 2,000 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya nyuma haibebi 45, inabeba 45 mara 5,800 gawa kwa 3,800, ambayo ni kama 69. Na ile 24 ya ziada imetoka mbele, yaani matairi ya mbele yamepunguziwa kilo 24. Gari hizi nyingi zinavuta kwa matairi ya mbele! Kwenye majani mabichi au kilima chenye changarawe ndo utajua. Ekseli ya nyuma ya motohomu yenye mkia mrefu mara nyingi iko ukingoni tayari, kwa hiyo peleka kwenye mizani, pima ekseli moja moja ikiwa na mzigo kamili na watu ndani, linganisha na kibati cha kiwanda kinachoonyesha mwisho wa uzito. Kwa Ulaya wenye leseni ya kawaida ya daraja B mwisho wao ni kilo 3,500, na gari nyingi za aina hii zimesajiliwa hapo hapo, hakuna pa kuongeza.

Ukiweza kusogeza spea karibu na ekseli, sogeza. Kila sentimita unayorudi mbele inakusaidia kwenye hiyo hesabu.

Na jambo la mwisho kwa leo, chesisi. Usichukue drili ukatoboa popote panapokupendeza. Motohomu zilizojengwa juu ya chesisi (fremu ya chini) ya kampuni ya AL-KO zina mashimo yake tayari ya kushikia vitu kama hivi, na maelekezo yao yanakataza kutoboa au kuchomelea ile chesisi. Chuma chake ni chembamba kilichokunjwa na kuchovywa zinki, ukitoboa kwenye ule ukunjo umekata mshipa wake, ukichomelea umechoma zinki na kutu imepata mlango. Kama kibeba hakiingii kwenye mashimo yaliyopo basi tafuta cha kubana kwa nje, au tafuta kingine.

Ulizeni, tuongee.

#2 wilispana

Mkuu umenigusa pabaya, yangu ni ile ya winchi ya waya, kile kinachokaa chini nyuma unazungusha kwa chuma kirefu kupitia tundu la kwenye bampa. Gari nilinunua mkononi mwa mtu na sijawahi kushusha spea hata siku moja, naiona tu iko pale chini nafarijika. Niwe na wasiwasi?

#3 Kabari

@wilispana wasiwasi uwe nao na kesho asubuhi uishushe. Winchi ya waya inakaa sehemu mbaya kuliko zote, inarushiwa maji, tope, chumvi ya barabarani kwa wenye baridi, na hakuna anayeigusa. Waya unaota kutu kwa ndani huku nje unaonekana mzima, au ngoma inaganda, ukilazimisha na chuma kirefu unakata pini. Ishushe mpaka chini kabisa, waya wote utoke, piga brashi, mafuta mepesi yanayopenya kwanza, ukishaona inazunguka vizuri piga grisi. Ukiona nyuzi za waya zimekatika hata mbili tatu badilisha waya, usiuonee huruma. Mimi nafanya hivyo mara mbili kwa mwaka.

Na angalia kile kibati kinachopita katikati ya rimu na kuishikilia. Kimetengenezwa kwa rimu ya chuma. Kama umebadilisha ukaweka rimu za aloi, siku ukitoa tairi bovu la aloi unataka kulirudisha pale, kinaweza kisikae sawa, tairi linaning'inia. Lijaribu na lenyewe.

#4 bolti8

Naongezea kwenye rimu za aloi maana hili limewahi kunikwamisha. Gari inatembea na aloi, spea ni ya chuma, BOLTI SIO MOJA. Kichwa cha bolti ya aloi na ya chuma vinaweza kukaa tofauti, nyingine ina koni nyingine duara, na urefu tofauti vile vile. Ukiweka bolti ndefu ya aloi kwenye rimu nyembamba ya chuma inaweza kupenya nyuma ikagusa vitu vya breki, au unakaza unadhani imebana kumbe imefika mwisho wa uzi na rimu bado inacheza. Wekeni seti nzima ya bolti za spea kwenye kifuko, mkifunge kwenye kibeba chenyewe au na jeki. Sio kwenye droo ya jikoni, utasahau.

Kingine, wanaonunua rimu iliyotumika. Ducato ya inchi 15 na ya inchi 16 hazichangii rimu. Zote bolti 5, ila ya 15 mashimo yako kwenye duara la mm 118 na ya 16 ni mm 130. Kwa macho zinafanana kabisa. Nenda na rula au ijaribu kwenye gari kabla hujatoa hela.

#5 mama safari

Mimi ni mwanamke na nasafiri peke yangu na mbwa wangu, nina miaka 61. Kubadilisha tairi najua, nilifundishwa na marehemu baba. Tatizo langu ni ile kilo 35, kuitoa chini ya gari na kuinyanyua kwenye habu (pale rimu inapofungwa). Nilikuwa nafikiria cha kufunga mgongoni nyuma ya gari, angalau nisilale chini. Mnanishauri nini wanangu?

#6 Kabari

Shikamoo mama. Swali lako ni zuri na naomba nilijibu polepole.

Cha mgongoni kina raha ya kutolala chini, ila mikono yako itakutana na tairi likiwa juu, kifuani au kiunoni, na kulishusha kilo 35 kutoka kifuani ni hatari kuliko kulivuta chini. Likikuponyoka linaangukia miguuni. Vipo vyenye mkono unaozunguka, vinafungwa kwenye chuma cha kuvutia tela au kwenye chesisi, unafungua pini mkono unakuja pembeni, tairi liko chini kidogo, hivyo ni afadhali. Lakini ukuta wa nyuma wa motohomu wenyewe usiuamini mama. Nyingi ukuta ni tabaka jembamba la alumini au faiba, katikati povu. Bolti zikipita hapo zinatafuna povu, maji yanaingia, baada ya muda ukuta umeoza kwa ndani. Kama mjenzi hakuweka chuma au ubao ndani ya ukuta kwa ajili ya kazi hiyo, usifunge kitu kizito hapo.

Na uzito wa mgongoni ndo uko mbali zaidi na ekseli, kwa hiyo ile hesabu ya kule juu inakuwa mbaya zaidi. Hakikisha pia haizibi taa, namba ya gari wala kamera ya nyuma.

Kwa kulinyanyua kwenye habu, usinyanyue kabisa. Piga jeki mpaka tairi liwe juu ya ardhi kidogo tu, kimo cha kidole, telezesha spea mbele ya habu, kaa chini mbele yake, weka chuma kirefu au koleo ngumu chini ya tairi, kanyaga au bonyeza, tairi linapanda lenyewe. Kwa gari za bolti kama hizi (sio za nati) tafuta pini moja ya kuongozea, ni chuma kama bolti isiyo na kichwa, unaichomeka kwenye tundu la juu la habu, rimu inaning'inia hapo wakati unatafuta matundu mengine. Hicho kipini kitakusaidia kuliko jeki ya kisasa.

#7 mama safari

Marahaba mwanangu. Hicho kipini sikuwahi kukisikia na nimebadilisha matairi miaka 40. Natafuta kesho.

#8 Dizeli

Samahani mimi naona tunajitesa bure. Bima yangu ina huduma ya barabarani, tairi likipasuka napiga simu wanakuja. Kilo 45 za nini, hizo kilo nabeba maji na baiskeli za watoto.

#9 Kabari

@Dizeli ni hoja ya haki na nimeifikiria sana. Lakini huyo anayekuja na gari la huduma anakuja na nini? Matairi ya motohomu mengi ni yale yenye herufi CP, yametengenezwa kwa gari iliyosimama muda mrefu na mzigo, yanajazwa mpaka bar 5.5, karibu psi 80. Sio tairi ambalo kila duka linalo siku ya Jumapili jioni. Kama huna spea anachoweza ni kukuburuta mpaka mahali, mnalala hapo mnasubiri tairi liletwe. Kama unayo spea, hata kama hutaki kugusa jeki, yeye atakufungia kwa nusu saa mnaendelea.

Kwa hiyo mtu asiyeweza au asiyetaka kubadilisha, bado namshauri abebe rimu na tairi. Na kama uzito unabana kabisa, beba tairi tupu bila rimu, unaokoa kilo kama 15, na fundi yeyote mwenye mashine atalivisha. Linaingia kwenye lile buti kubwa la nyuma, halihitaji kibeba ila lifunge na mkanda lisirukeruke.

#10 Dizeli

Hilo la tairi bila rimu sikulifikiria. Nakubali.

#11 vani na kitanda

Yangu ni vani ya kawaida niliyoigeuza nyumba, sio motohomu ya kiwandani. Nimeona wenzangu wanafunga spea kwenye mlango wa nyuma kwa kibeba kinachoshika bawaba. Inapendeza kwa kweli. Kuna anayetumia?

#12 bolti8

Nimetumia miaka mitatu. Kwanza chagua kinachogawa uzito kwenye bawaba zote za mlango, kisishike karatasi ya bati tu. Mlango wa vani umetengenezwa kubeba mlango. Ukiongeza tairi la kilo 30 na kitu na kila shimo la barabarani linaruka, bawaba zinalegea, mlango unashuka, ukifunga haukutani na kufuli. Mimi wangu ulishuka milimita kadhaa mwaka wa kwanza, nikabadilisha pini za bawaba na kuongeza kitegemeo cha mpira chini ya mlango ili ukifungwa uzito ukae kwenye bodi. Tangu hapo umetulia.

Pili upepo. Ukifungua mlango wenye spea kwenye upepo mkali unakuvuta na wewe. Weka kamba au ndoano ya kuushika.

Raha yake kubwa, ukikumbuka shida aliyosema mwanzisha uzi, hata gari ilale chini namna gani spea yako iko nje, inatoka. Na hapigi mtu jeki kwanza ndo atoe spea.

#13 wilispana

Mrejesho. Nimeshusha spea leo. Winchi ilizunguka nusu mzunguko ikagoma. Nikapulizia mafuta nikaacha saa mbili, ikakubali kwa kelele. Waya una nyuzi zimekatika sehemu moja karibu na kile kibati, kwa hiyo miaka yote hii lile tairi lilikuwa linashikiliwa na nyuzi chache huku nyuma yangu kuna magari ya watu. Nimekaa chini nikatetemeka. Nimeagiza waya mpya, tairi liko ndani ya gari kwa sasa.

Tairi lenyewe lina maandishi DOT na mwishoni 1409, ina maana gani?

#14 Kabari

Asante kwa kurudi kutuambia mkuu, na asante Mungu hakikutokea kitu.

1409 ni wiki ya 14 ya mwaka 2009. Hilo tairi usitembelee. Kashata zake zitakuwa nzima kwa sababu halijawahi kukanyaga barabara, ndo linavyodanganya watu, lakini mpira unazeeka hata ukilala. Watengenezaji wakubwa wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka likishatimiza miaka 5 na likifika 10 litolewe hata kama linaonekana jipya, na spea wameihesabu humo humo. Angalia vipasuko vidogo ubavuni karibu na rimu.

Na kuhusu waya kukatika, ndo maana nasema kila kibeba cha chini kiwe na mshiko wa pili usiotegemea wa kwanza. Mimi nimepitisha mnyororo katikati ya rimu mpaka kwenye chesisi na kufuli, kufuli nimeifunika kwa kipande cha mpira wa tyubu isijae tope. Umetatua mambo mawili, tairi haliwezi kudondoka na mwizi hawezi kulala chini akaondoka nalo. Mnyororo usilegee sana, kibeba kikikatika tairi lishuke kidogo tu lisifike ardhini. Funguo yake weka na ya gari, sio ndani ya boksi la vifaa.

#15 fundi mtulivu

Mimi ni fundi wa bodi, nimesoma uzi wote nimeufurahia. Niongeze machache kwenye ufungaji.

Bolti tumieni daraja 8.8 au zaidi, imeandikwa kichwani. Watu wanapenda za chuma kisichoshika kutu kwa sababu zinang'aa, zile za A2-70 nguvu yake ni ndogo kuliko 8.8, na zikikaa na chuma cha zinki kwenye maji ya chumvi ni ile zinki inayoliwa. Nati ziwe za kujifunga zenye plastiki ndani, na zikishafunguliwa mara kadhaa tupeni. Bolti ya M10 daraja 8.8 ni kama Nm 45 hadi 50, M12 ni 80 na kitu, ila maelekezo ya kibeba yakisema vingine fuata hayo. Tumieni toki renchi (spana yenye kipimo cha kukaza), mkono unadanganya. Mkishatembea kilomita 50 hadi 100 rudini chini mkaze tena, kitu kipya kinakaa.

Na kabla hamjainua kibeba, lala chini na tochi ufuate kila kitu kinachopita hapo. Bomba la breki, waya wa ABS, kebo ya hendibreki, bomba la gesi, bomba la kumwagia maji machafu. Vyote hivyo vinatikisika gari ikitembea, kwa hiyo kugusana leo kidogo ni kutoboka baada ya kilomita elfu kadhaa. Eksozi iwe mbali, tairi likikaa karibu na eksozi linaiva upande mmoja. Kama hakuna nafasi weka kinga ya bati katikati. Mwisho hakikisha bomba la kibeba halikai chini kuliko kitu chochote kingine nyuma ya ekseli, maana kwenye kivuko au mlango wenye kilima, mkia ndo unaogusa kwanza na hutaki spea iwe ndo inagusa.

#16 vani na kitanda

Spea mnaijaza upepo kiasi gani? Na mnapimaje ikiwa imefungwa kule chini?

#17 Kabari

Ijaze kile kiwango kikubwa zaidi kati ya mbele na nyuma kwenye gari yako, siku ya kuifunga mbele unapunguza. Kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza, na vile vipampu vidogo vingine havifiki psi 80, au vinafika vikiwa vimeungua. Jaribu chako nyumbani kwanza.

Kupima, laza tairi valvu ikiangalia chini, au funga mpira mrefu wa valvu uletwe mpaka pembeni mwa sketi. Mimi wa kwangu ulipasuka kwa jiwe nikaurudisha wa kawaida, sasa naingia chini na kipimo kila kabla ya safari ndefu, ni dakika moja.

#18 mama safari

Wanangu nimefanya lile zoezi la Kabari. Nimejaza maji, nimepakia kila kitu mpaka chakula cha mbwa, nimetoa upepo tairi la nyuma kulia. Nina kibeba cha chini alichonifungia fundi wiki mbili zilizopita. Kitanda kimeshuka, lakini spea imekwama kwenye sketi, imebaki kama vidole viwili. Nikapanda kwenye kabari za kusawazishia, ikatoka. Kipini cha kuongozea kimefanya kazi ajabu, na koleo pia. Jumla saa 1 na dakika 20, nimepumzika mara mbili. Jeki niliyokuja nayo gari ndo imenitisha, ilipinda kidogo nikaiacha, nikatumia ya jirani. Najua ulisema nisiazime.

#19 Kabari

Mama nimesimama kwenye kiti nilipokuwa nimekaa. Hongera sana.

Ya jeki ndo imekuonyesha zoezi lenyewe, kwa hiyo kuazima kwako kumefaa. Ile jeki ya mkasi mara nyingi ni ya ile vani kabla haijajengewa nyumba juu. Tafuta jeki ya chupa ya tani 4 au 5, iwe fupi ikiwa imeshuka, maana na yenyewe inapaswa kuingia chini ya gari iliyolala kwenye pancha. Ipime: toa upepo, pima kwa rula kutoka ardhini mpaka pale pa kupigia jeki, jeki iwe fupi kuliko hapo. Chini yake weka ubao mpana usiozama. Tairi la upande wa pili liwekee kabari mbele na nyuma, hendibreki juu, gia ya kwanza, na usiingize mwili chini ya gari iliyo juu ya jeki. Spea unayoitoa ichukue kabla ya kupiga jeki, na ile mbovu irudishe baada ya kushusha.

Kuhusu vidole viwili vya sketi, mwambie fundi aangalie kama kibeba kinaweza kusogezwa kitokee upande wa nyuma badala ya ubavuni, au hicho kipande cha sketi kiwe cha kufunguka kwa skrubu mbili. Kibeba changu cha pili nilikifanyia hivyo, kipande cha sketi cha sm 80, skrubu mbili za kuzungusha kwa sarafu. Zile kabari za kusawazishia hazitakuwa na kazi tena kwenye pancha, utazitumia kusawazisha gari ukilala tu.

#20 mama safari

Fundi anakuja Alhamisi. Nitamwekea rula mkononi.